Talaka ya Bibi Limi

Mlimani, Dar es Salaam
4 Novemba 1973

Ndugu Limi, mpiganaji mwenzangu katika safu ya wakulima na wafanyakazi,

Shikamoo bibi. Natumaini u mzima na magoti yamepunguza uasi. Mimi sijambo kimwili. Kiitikadi naumwa, na aliyeniumiza ni wewe.

Barua yako ya mwezi uliopita nilikabidhiwa mbele ya kikundi chetu cha siasa, nikiwa katikati ya hotuba juu ya ukombozi wa mwanamke. Juu ya bahasha uliandika: “Kwa mume wangu Bujiku, asiyelima wala asiyechunga.” Kikao kilivunjika kwa kicheko.

Najua nimerithi jina la marehemu babu, na kwamba kwa utani wa kwetu mjukuu wa kiume ni mume wa bibi yake. Lakini nauliza: je, taifa lililotangaza usawa litavumilia mwanamke wa umri wako aitwe mke wa kijana wa miaka ishirini na mitatu, tena bila ridhaa ya kijana? Hapana! Tangu leo niite Ndugu Bujiku. Utani huo ufutwe, ukombozi uanzie nyumbani.

Mjukuu wako,
Bujiku

Songwa
9 Desemba 1973

Mjukuu wangu,

Marahaba. Sisi wazima, na mvua imeanza. Magoti yanauma vilevile, hayajasoma Dar es Salaam.

Talaka yako imefika. Nimeisoma mwenyewe, kumbe darasa la watu wazima nilikwenda ili nije nisome talaka! Niliwasomea wenzangu tukipanda pamba. Klara, jirani yangu, akajishika kichwa: “Mayu wee, Limi kaachwa! Ataolewa na nani tena?” Tukacheka mpaka mistari ikaenda kombo.

Lakini jioni sikucheka. Babu yako alipokufa, nyumba ilinyamaza. Ndipo nikaanza kumwambia kila apitaye, “Mume wangu yuko chuoni, ananichosha kwa uvivu.” Wananijibu, nawajibu, na siku inapata ladha. Sasa umesema ufutwe, nimefuta.

Nimeolewa na binamu yako Onesmo. Jumamosi anatoka mgodini Mwadui kwa baiskeli, anaonja ugali wangu, anasema una mawe kuliko shimo lao. Michembe ya viazi niliyokuanikia ameimaliza.

Bibi yako,
Limi

Mlimani
13 Januari 1974

Ndugu Limi,

Shikamoo. Habari za afya na za shamba? Mimi sijambo.

Nakanusha kwa nguvu zote kwamba nina wivu. Wivu ni ugonjwa wa mabwanyenye. Hata hivyo, historia itatuuliza: Onesmo aliteuliwa na kikao gani? Jina la babu analo yeye? Viazi vile vilivyokatwa, vikaanikwa, vikatunzwa kwa ajili yangu, vilitaifishwa kwa sheria ipi? Yaani mtu anapanda baiskeli, anatukana ugali, na papo hapo anakabidhiwa nchi! Nasubiri maelezo ya kina.

Mjukuu wako halali,
Bujiku

Songwa
10 Februari 1974

Ndugu Bujiku,

Salamu za kazi. Barua imepokelewa. Afya ni ya kuridhisha. Pamba imepaliliwa. Ndugu Onesmo anakusalimu.

Wako katika ujenzi wa taifa,
Ndugu Limi

Mlimani
21 Aprili 1974

Bibi,

Shikamoo. Hujambo kweli? Barua yako nimeipekua nje na ndani nikitafuta mahali pa kucheka, sikuona. Ni barua niliyoiagiza mwenyewe, nayo imenishinda kumeza.

Nina mchumba. Anaitwa Melania, kwao Geita, tunasoma pamoja, na katika mijadala hunilaza chali. Nilipomsimulia habari zetu alikunja uso.

“Umemwacha bibi yako kwa barua?”

“Nilimkomboa.”

“Sasa siku ya kuja kwenu nani atanizibia mlango? Nani atanitukana kwamba nimemwibia mume? Bibi zangu wote wamekufa, Bujiku. Nilikuwa nimemtegemea huyo wako. Kama kwenu napokelewa kwa hotuba, basi oa kamati yako!”

Hakuwa akitania. Bibi, naomba turudiane.

Mjukuu wako,
Bujiku

Songwa
12 Mei 1974

We mtu,

Marahaba. Leo nimecheka peke yangu hadi kuku wakatoka uani. Huyo msichana ana akili. Sijui anakutakia nini wewe.

Lakini Onesmo hataki kuniacha. Anasema wewe hujui kutania, unajua kuhutubia tu. Nami nimeamua: siku ya ngoma ya mavuno mtanitukana mbele ya watu, mmoja mmoja. Atakayenichekesha mpaka nikae chini, huyo ndiye mume. Ukishindwa, mchumba wako mpokee mwenyewe, na mlango mtaukuta wazi, kimya.

Nijibu, nione kama ulimi wako bado ni wa kwetu.

Limi, mke wa Onesmo kwa sasa

Mlimani
2 Juni 1974

Kwa Limi, kikongwe mkaidi,

Sikupi shikamoo. Mume hamwamkii mkewe.

Wananchi wa Songwa, shuhudieni! Huyu ndiye mwanamke aliyezaliwa vumbi la Shinyanga likiwa bado tope. Jino lake moja lililobaki limekaa mbele peke yake kama mwenyekiti aliyekimbiwa na wajumbe, na bado linafungua kikao kila penye mahindi ya kuchoma. Akikoroma, kijiji cha pili wanavaa njuga wakidhani ngoma imeanza. Mlenda wake unavutika kutoka Songwa hadi Kambarage mjini, na mpishi bado anauliza kama umeiva! Na kwa ajili ya mwanamke huyu, wanaume wawili wazima tunagombana. Kizazi chetu kimepotoka!

Onesmo mwambie aoshe koo. Na wewe zibe mlango kwa mwili wako wote, maana Melania anakusanya matusi ya kwao Geita tangu jana, hataki kuingia kwa amani.

Mapambano ni Jumamosi, tarehe 15 Juni, uwanja wa ngoma, saa kumi jioni, jua likianza kupoa. Chagua mapema mahali pa kukaa chini.

Mumeo,
Bujiku