Fundo Nililolifungua

Baba mpendwa, fundi wangu,

Nimeharibu vitu vyako. Nakwambia mapema, maana unanijua: nikikosea huanza kwanza kusimulia habari za mvua.

Unaikumbuka meza yako pale barazani kwetu Rwambuzi, redio za watu zimefunguliwa matumbo, Mama ameketi kando yako akichambua maharage. Waya ulizitoa popote, kwenye pikipiki mbovu, kwenye redio zilizokufa, rangi yoyote iliyopatikana. Ulipomaliza kuunganisha waya mbili za betri, ulimpa Mama moja aifunge fundo dogo, kwa kuwa vidole vyako vilikuwa vinene. Mimi nilidhani ni mapenzi tu ya wazee. Siku nilipolichezea ulinikaripia: "Weye, acha kugusa hiyo fundo! Iko na kazi yake." Kazi gani, hukusema, nami sikuuliza. Nilikuwa na haraka ya kwenda kuruka kamba.

Tangu utuache, Mama amepooza upande wa kulia, na sauti yake imebaki ndogo sana. Mwezi uliopita alianguka kutoka kitandani asubuhi. Nilimkuta sakafuni nilipotoka kufundisha mchana. Mama Furaha, jirani yetu, alikuwa jikoni kwake muda wote huo, hatua chache tu, na hakusikia kitu. Ndipo nikaamua kutengeneza kengele ya betri: kitufe kwa Mama, mlio kwa Mama Furaha. Usicheke. Mwalimu wa darasa la pili, na lehemu mkononi!

Mchoro niliupata kwenye simu. Vipuri nilivitoa kwenye kopo lako la maziwa, zikiwemo transista tatu, vile vidude vyenye miguu mitatu. Kisanduku chako cha betri kilikuwa tayari na waya zake, nyekundu na nyeusi. Ile nyeusi ilikuwa na fundo. Niliona linachafua kazi yangu, nikalifungua kwa meno.

Nikaunganisha nyekundu upande wa chanya, kama kila mtu anavyofanya. Nikabonyeza. Kimya, halafu harufu ya kuungua. Nilibadilisha betri, nikakwangua kutu, nikalehemu upya kila kiungo mpaka kibao chenye vipuri kikawa na makovu. Mwishowe nikakipeleka kwa fundi wa simu, pamoja na transista ya pili, maana ya kwanza ilikuwa imeungua. Aliiweka, akatumia umeme wa mezani kwake, kikalia hadi wapita njia wakageuka. Nikarudi nyumbani karibu nikikimbia. Nikaweka betri, nikabonyeza. Kimya, na harufu ileile.

Nilirudi kwake na transista ya tatu. Kikalia tena.

"Madame, kwangu iko inalia muzuri," akasema. "Pengine ni kule kwenu ndiyo kuko na shida."

Nilicheka ili nisilie mbele za watu. Jumapili nikaiunguza ile ya tatu, nimeketi kando ya kitanda, Mama ananitazama.

Basi akaivuta ile waya nyeusi kwa mkono wa kushoto. Nilifikiri ananiambia niache. Akailaza kifuani, akaikunja, akajaribu kupitisha ncha yake ndani ya kitanzi. Ikamponyoka. Akajaribu tena, ikamponyoka tena. Mara ya tatu nikaelewa, Baba. Ulikuwa umetumia waya ulizokuwa nazo, na fundo ndilo lililoonyesha upande wa chanya, si rangi; mimi nilikuwa nimeunganisha kinyume. Mama alijua miaka yote, na mimi nilimweka pale kama mtazamaji. Nimeona aibu ambayo bado haijaniisha.

Fundo nimelirudisha, yeye akinisimamia kwa macho. Lakini transista zimekwisha. Fundi anasema za aina hiyo hana, labda zitatoka mjini Mahagi. Lini? Hajui. Nimelipekua kopo lako mara nne, kana kwamba ungekuwa umeniachia moja chini yake.

Kesho nina darasa. Sina wa kubaki naye, wala sijui cha kufanya zaidi. Nitamwekea sahani ya bati kando yake na kijiko mkononi, agonge. Mama Furaha ameniambia ukweli: "Mvula ikinyesha, sisikie kitu, dada yangu."

Leo tumejaribu. Amegonga mara mbili, kijiko kikaanguka. Nimekiokota, nikakifunga kiganjani mwake kwa kipande cha waya yako laini. Nimemuuliza kama fundo linambana.

Amejibu. Lakini mvua ilikuwa imeanza kupiga mabati, na mimi niliye karibu naye hivi sikusikia alichosema.

Pumzika, Baba. Laiti ungeketi mezani kwako kwa nusu saa tu.

Mimi,
binti yako wa kwanza