Boriti Isiyobeba Paa

Bonga, Jumamosi. Asubuhi ya ubaridi, wingu limeuketia Mlima Kwaraa. Mchana jua kali.

Msomaji, uniwie radhi. Nilikusudia kuandika mistari michache tu, lakini mkono umekataa kutulia.

Leo tumebomoa jiko la marehemu mke wangu. Tangu alipofariki sijawasha moto humo, wala sikupenda kuingia, na paa lilikuwa limeanza kuinama. Boriti zote nilikwisha kumwahidi jirani yangu, Mama Paulina, anayetafuta kuni za sherehe ya kumuaga binti yake anayeolewa. Nasi tuliolelewa na mapadre hatuchezei ahadi.

Maisha yangu yote ya kazi nilitafiti wadudu na ardhi wanamoishi. Nilitembea kingo za mashamba na vichaka vilivyobaki katikati ya mbaazi na mahindi, nikitaka kujua nyuki aweza kuvuka uwanda mtupu wa upana gani kabla hajakata tamaa. Wale nyuki weusi wakubwa wanaotoboa mbao niliwaandikia kurasa nyingi. Moshi huwafukuza. Ningepaswa kujua kwamba jiko lisilo na moshi halitakaa bila mwenyeji.

Boriti ya mwisho ilipokwisha kushushwa, Fundi Yona alinionyesha tundu la mviringo, safi kama lililotobolewa kwa keekee. Ubavuni mbao ilikuwa imepasuka. Nikapiga magoti, nikachungulia.

Vyumba. Vyumba vilivyopangwa kwa mstari, vimetenganishwa kwa kuta za unga wa mbao, na katika kila kimoja donge la chavua la njano na mtoto juu yake. Karibu na mlango walijibana vijana waliokwisha kuota mabawa, wasiotoka bado, wakingoja kulishwa na mama yao.

Kisha mama mwenyewe akarudi.

Hakuitambua boriti iliyolala chini. Nyuki hukumbuka mahali, hakumbuki mti. Alisimama hewani pale pale lilipokuwa tundu, akazunguka, akarudi, kana kwamba hewa ingemfungulia.

Ndipo Mama Paulina akafika na kamba zake. Nilimwomba radhi mara nyingi kuliko ilivyohitajika, nikamweleza kwamba boriti moja siwezi kumpa.

“Baba Helena,” akasema, “wageni niwaambie wali haukuiva kwa sababu ya nyuki?”

Yona akacheka. “Mama, huyo nyuki ndiye mwenye nyumba. Mzee hapa ni mpangaji tu.”

Nilimweleza Mama Paulina kwamba mipasheni yake inayopanda uzioni huzaa kwa hisani ya nyuki hawa, maana nyuki wadogo hawalimudu ua lile. Hilo halikumgusa sana. Nikamwomba achungulie ufa. Aliinama, akachungulia, kisha akainua macho kumtazama yule aliyekuwa akizunguka.

“Huyo ndiye mama yao?”

“Ndiye.”

“Na amebeba chakula.”

“Naam, amebeba.”

Akaweka kamba chini. “Yona, irudishe juu.”

Yona alitaka kuiegemeza tu kwenye ukuta wa nyumba, kazi iishe. Nilimsihi, huku nikiona haya kwa kumsumbua fundi wa watu: iwe kwa urefu uleule, tundu litazame upande uleule. Akasimamisha nguzo mbili, tukaufunga ufa kwa mpira wa tairi, akaipandisha. Ilikosea kidogo, nyuki akasogea, akajitoa. Yona akaisukuma kwa kiganja. Mama Paulina alikuwa ameshika kinywa.

Nyuki aligusa ukingo wa tundu kwa miguu ya mbele. Akaingia.

Tukasikia mvumo ndani ya mbao, mwororo, kama wa watu wanaozungumza chumba cha pili. Mama Paulina alijipangusa macho kwa ncha ya kitenge, akafunga boriti zilizosalia, akaenda zake.

Sasa uani kwangu pana boriti isiyobeba paa lolote. Wapita njia watasema mzee amerukwa na akili kwa upweke, nami sitawalaumu. Jiko jipya litangoja hadi vijana wale waruke.

Uwanda wote huu, kutoka mlimani hadi ziwani, nyuki yule huubeba katika kichwa kisichozidi punje ya mbaazi, na ndani yake hutia alama tundu moja tu. Ni nani aliyemfundisha? Nimezeeka nikiuliza. Nashukuru kwamba bado naruhusiwa kuuliza.