Plagi Nyeupe kwa Jicho la Kulia

Jumatatu, 12 Mei

Nina miaka themanini na miwili. Nimezika wake wawili, madaktari watatu, na kila fundi wa bonde hili aliyewahi kusema nimekosea kabureta. Bado nipo!

Leo kaja Bi Fusae, mchoma biskuti za mchele, na pikipiki ya marehemu mumewe, Yasuhei. Ya mwaka hamsini na saba. Jumapili ni kumbukumbu ya marehemu. Atapanda nayo mpaka kilele cha mlima Karasu, picha ya mumewe mgongoni. Na ana miaka sabini na minne, mama huyu!

Akasema pistoni iliyomo ni ya mwisho, Yasuhei aliisaka miaka tisa. Nikiiunguza nitakuwa nimemfanya mjane mara mbili.

Nikamwambia kachome biskuti zako.

Nikaweka jeti namba tisini kwenye kabureta, kitundu chembamba, petroli ipite kwa adabu. Nikaikimbiza barabara ya mtoni, moto wote, nikazima ghafla, nikafungua plagi. Ikiwa nyeusi, petroli imezidi. Nyeupe, petroli haitoshi, pistoni itatoboka. Yangu? Kahawia! Biskuti ya Fusae iliyoiva. Wengine wanapima kwa mashine. Mimi nina macho.

Alhamisi, 15 Mei

Mkwe wangu Chinatsu kanikokota hospitali. Mtoto wa jicho. Wamefanya la kulia tu, la kushoto mwezi ujao. Daktari anasema miaka yote hiyo nimeiona dunia kupitia chai iliyolala. Nikamwambia ilikuwa dunia nzuri tu.

Ijumaa, 16 Mei

Bendeji imetoka. Loo! Shati langu la kahawia — kumbe jeupe. Nikamwambia Chinatsu, mama, kumbe una mvi! Sikupewa supu.

Nikaenda gereji kujiliwaza. Kwenye kopo nina plagi kumi na moja, ukumbusho wa kazi zangu bora. Nyeupe. Zote! Nikafumba la kulia: kahawia. Nikalifumbua: nyeupe kama wali. Nimefumba na kufumbua mpaka kichwa kikauma.

Moja ni ya Yasuhei. Mwaka ule pistoni yake ya kwanza ilipotoboka nilimwambia mbele za watu kwamba anaendesha kama anakimbiza nguruwe. Akaniomba radhi, maskini. Aliinama mpaka chini.

Na Jumapili mkewe anapanda mlima na jeti yangu.

Jumamosi, 17 Mei

Nimekwenda kwa Fusae, jeti mia moja na tano mfukoni, yenye kitundu kipana zaidi. Nikasema nataka kuifuta pikipiki vumbi tu. Kanizibia mlango, koleo la biskuti mkononi. “Si wewe uliyesema fundi wa kweli hagusi mara mbili?”

Ni mimi. Tena nilisema kwa sauti.

Nimerudi na biskuti.

Jumapili, 18 Mei

Naandika nikiwa kituo cha mafuta, mlima unapoanzia. Asubuhi nimesimama katikati ya barabara, mikono juu. Fusae kafunga breki vidole viwili kutoka tumboni kwangu.

“Unatafuta kufa, mzee?”

Nikasema hewa ya leo kavu, inataka jeti nyingine. Hakucheka. Kaniamuru nifungue plagi mbele yake. Akatoa biskuti mfukoni, akaiweka kando ya plagi.

“Tokuji, hii ni kahawia?”

Nikafumba la kulia. Ndiyo, kahawia.

“Fumbua.”

Nikafumbua.

Sasa kaikalia spana yangu. Anasema atanyanyuka nikijibu neno moja: pistoni ya kwanza ya Yasuhei, nani aliitoboa? Nikasema ngoja injini ipoe, nikachomoa daftari kwenye mfuko wa vifaa.

Injini imeshapoa. Biskuti ameimaliza. Picha ameishusha, kaiegemeza kwenye tangi, inanitazama.

Magoti yangu mabovu, bonde zima linajua. Nikiinama mpaka chini kama Yasuhei alivyoniinamia, sijui nani ataninyanyua. Ila nikishainama, mashahidi ni wawili: Fusae, na Yasuhei pichani, anayecheka tangu nianze ukurasa huu.