Sahani ya Wilondja

Mpendwa mpwa wangu Asukulu,

Nimekupigia simu huko Kalemie, hupokei. Sasa nakuandikia barua ambayo kila mtu wa Baraka anaweza kuisoma, kwa sababu ulichokifanya ulikifanya mbele ya watu.

Unakumbuka siku ulipotoka gerezani Uvira. Nilikungoja langoni, tukapanda lori, tukapita Makobola hadi nyumbani. Hapa Baraka kila mwenye mtumbwi alikuwa na sababu ya kukukataa. Huyu alidai watu wake wametimia, yule alidai mtumbwi wake unavuja. Desturi ya wavuvi wetu unaijua: wanaoingia ziwani pamoja hula kwanza katika sahani moja ufukoni, na asiyekula nao hapandi. Ndiyo maana nilimwomba mke wangu atandike mkeka nje, kando ya barabara, atuletee bugali na ndagala, dagaa wa ziwa letu, katika sahani moja. Tulikula hivyo jioni baada ya jioni, wapita njia wakitutazama, mpaka mwenye mtumbwi mmoja, ambaye sasa ni marehemu, aliposimama akanitania: "Mwalimu, chunga vidole, asikuibie kamoja."

Wewe ulicheka kwanza, mimi baadaye. Akanawa, akaketi, akala. Kesho yake uliingia ziwani.

Uliponiletea samaki wako wa kwanza ulisema: "Mujomba, kila mutu mwenye atatoka kule, mi ntakula naye mbele ya batu." Nililiweka neno hilo. Ulipopata mitumbwi yako mwenyewe, nilidhani kazi yangu ya kuwabembeleza watu kwa ajili ya waliofungwa imekwisha.

Kisha akatoka Wilondja, aliyekugawia chakula chake gerezani ulipokuwa mgonjwa, wakati sisi hatukujua hata kama u hai. Nilimtuma kwako bila wasiwasi. Ulimkumbatia, ukampa kazi ya kupanga nyavu mchana kutwa. Chakula kilipofika, uliagiza apewe sahani yake, pembeni. Hukumfukuza, hukuhitaji. Wafanyakazi wako walielewa, naye akaelewa.

"Muzee, alinipatia sahani yangu peke yangu," aliniambia. "Hata kunitukana hakunitukana."

Nilipokuja kukuuliza, ulijibu huku ukitazama injini ya mtumbwi: "Mujomba, batu bangu biko na woga. Na mi niko na jina sasa." Wiki hiyo hiyo ukaondoka.

Nimefundisha watoto wa mji huu miaka mingi, na wengi wao wamenidanganya. Nilisahau. Hili silisahau, kwa kuwa jina unalolilinda ulilipatia juu ya mkeka wangu. Angenikataa mtu asiyelijua lango lile la gereza, ningemsalimu na kupita.

Wilondja anazungumzia machimbo ya dhahabu ya Misisi, ambako hakuna anayemwuliza mtu alikotoka. Mama yake analia, maana kuna waliokwenda huko wasirudi. Nimemwomba asubiri kwanza urudi wewe. Mkeka umetandikwa tena kando ya barabara, nasi tunakula katika sahani moja. Hajasimama mtu bado.

Ukishuka bandarini, usije kwa mlango wa nyuma kuniomba radhi, sitaipokea. Pita barabarani, wafanyakazi wako wakikutazama. Maji ya kunawa yapo.

Safari yako iwe fupi.

Ni mimi, mjomba wako uliyekula naye.