Bonde Ulilolikausha

Kwa kaka yangu,

Nakusalimu kwa sababu mama alitufunza kumsalimia hata mtu tusiyetaka kumwona. Natumaini u mzima, wewe na shemeji. Sisi huku tunapumua, zaidi ya hapo nitakuwa nadanganya.

Uliuliza kwa nini baba akisikia sauti yako hunipa mimi simu. Basi nikueleze.

Tangu uchimbe ile mitaro na kulikausha bonde la nyuma ya nyumba ili upate viwanja vya kuuza, joto la hapa halivumiliki. Najua dunia nzima inazidi kupata moto, na mzigo huo sikutwishi. Lakini bwana shamba alipima joto uani kwetu, kisha akapima ng'ambo kwa fundi cherehani, ambako bonde bado ni bichi. Kwetu kulizidi, na kwa mbali. Alisema udongo ukiwa na maji, jua hutumia nguvu zake kuyakausha, na hewa hupoa kama mtu anavyopozwa na jasho. Ukishakauka, ukali wote huishia kwenye hewa tunayovuta. Wimbi la joto lingekuja tu, alisema, ila sisi tumelichochea kuni. Yeye alisema "sisi" kwa adabu. Mimi nasema wewe.

Mchana ule wimbi la joto lilipofika, mama alitoka kuanua nguo. Mume wangu alimkuta chini, ngozi kavu kama gunia, anazungumza na marehemu bibi. Tulimfunika kanga mbichi, tukamkimbiza hospitali. Daktari alisema ni joto, limempanda kichwani. Nilipokupigia ulijibu kwamba wazee huanguka kila mahali, nisikuze mambo.

Amerudi nyumbani, lakini si yule. Mimi ninayemwogesha ananiita muuguzi. Wewe, kutwa nzima anakuulizia: mwanangu amekula? Mwanangu anakuja lini? Baba akisikia hivyo hutoka na jembe kwenda kuziba mitaro yako, peke yake, na mgongo wake unaujua. Tukimzuia, anazidi kufukia.

Sasa nikwambie jambo ambalo hata baba halijui. Juzi mama aliponiuliza uko wapi, nilimjibu kwamba umekufa. Alilia kidogo, akasahau, akauliza tena. Nikamjibu vilevile. Jana pia. Kila mara analia upya, kama ndiyo kwanza anasikia, nami nimeketi pale nikimfuta machozi kwa mkono uleule uliomliza. Nilidhani nakukomoa wewe.

Sikuombi msamaha, na wako siuhitaji. Ila mimi siwezi kukufufua kwa maneno. Njoo usimame mbele yake akuone, kisha ushike jembe baba apumzike.

Watoto wanakusalimu, hawajui lolote. Baba hakunituma salamu.

Ni mimi mdogo wako,
Pilipili