Kugoma Nikiwa Mzima

Nyumba ya kupanga, ghorofa ya tatu,
Jumapili, tarehe 9 Machi.

Mpendwa Mjomba,

Shikamoo. Goti linaendeleaje? Na Bibi, bado anaikataa fimbo?

Desturi inataka sasa niandike kwamba mimi ni mzima. Naomba kwanza nilifafanue neno lenyewe, maana tumezoea kulitumia kivivu. Mzima ni aliye hai, ni asiyeugua, ni asiyepungukiwa na sehemu yake yoyote. Sharti la kwanza nalitimiza. La pili daktari amelithibitisha. La tatu ndilo lenye utata.

Umeniuliza kama ni kweli nimekataa kazi. Si kweli. Nimekataa zamu ya simu. Kama ujuavyo, natunza seva za kampuni ya tiketi za safari. Mfumo ukikwama, saa yoyote, mwenye zamu hupigiwa simu, naye hana budi kufungua kompyuta palepale alipo. Wenzangu wawili waliondoka na pengo lao halikuzibwa. Tangu hapo zamu ni yangu daima.

Mwezi uliopita nilipigiwa nikiwa kwa msusi, nusu ya kichwa imesukwa, nusu imesimama. Nikaweka kompyuta mapajani. Msusi akashusha kitana.

“Dada, hiki kichwa ni chako au cha ofisi? Nijue namsuka nani.”

Tulicheka. Kesho yake nilijikuta mbele ya mlango wa chumba changu, naugusisha kadi ya ofisini na kushangaa kwa nini haufunguki. Hapo sikucheka.

Nilimwandikia meneja kwamba baada ya saa za kazi simu yangu itazimwa mpaka waajiri watu. Alinijibu kwa upole mwingi, akanipangia semina ya kujifunza ustahimilivu. Nikamweleza kwamba seva ikipata joto tunaipunguzia mzigo, hatuipeleki semina. Hakupendezwa.

Kuna mwenzetu aliyetoka nyumbani, tunafanya naye kazi huku ugenini, tunamwita Fundi. Alinivuta kando, penye mashine ya kahawa, akanikumbusha kwamba kibali changu cha kuishi kimefungwa kwenye ajira hii.

“Hapa watu hawagomi, dada. Hapa watu wanaugua.”

“Basi mimi nagoma kabla sijaugua.”

Alisema kweli, na ukweli huo ndio unaonikera. Aliyeanguka huletewa maua na kupewa likizo. Anayekataa kuanguka huitwa msumbufu. Ijumaa watanipa uamuzi wao. Ninachoweza kupoteza nakijua: chumba hiki, kibali, na sifa zangu ulizoutangazia ukoo mzima. Usiniambie nikaze buti, Mjomba. Nilizikaza mpaka miguu ikafa ganzi. Simu nimeizima, na nikifukuzwa kwa sababu hiyo nitarudi nyumbani nimenyoosha shingo. Nipokeeni kwa utani, si kwa pole.

Nisalimie Bibi, mdogo wangu wa mwisho, na mama akipita hapo. Mola awape afya isiyohitaji kuombewa ruhusa.

Limebaki swali moja lililonishinda, nawe ndiwe uliyekuwa ukiamua kila ugomvi wetu wa utotoni. Ikiwa mtu haaminiwi mpaka aanguke, yule ambaye bado amesimama atathibitishaje kwamba anavunjwa?

Ni mimi mpwa wako, nikupendaye na nisiyeomba radhi.