Gari Lililokatwa Pembe

Jumatatu, 3 Novemba. Masakta.
Mablanketi yameanikwa tena juu ya boneti. Mvua ya jana ilipenya palepale, kwenye kitako cha antena ya televisheni, juu ya kitanda chetu.

Nalipenda hili gari, sifichi. Kitanda, jiko dogo la gesi, rafu za mali. Tunauza mablanketi na mashuka minadani, tunalala humohumo, tunaamkia biashara. Watalii walilichoka huko Arusha, sisi tukaliokota. Ila hiyo antena! Matangazo yalishahamia kwenye ving'amuzi zamani, nasi king'amuzi hatuna. Mume wangu hajali. Kila tunapoegesha anapanda juu, anaigeuza iupe mgongo Mlima Hanang, anapaza sauti: "Imekuja?"

Bado. Chenga tupu.

Jumanne, 4 Novemba. Masakta.
Anakohoa. Nimeinua godoro kulianika. Upande wake umelowa chapachapa, wangu mkavu. Miezi yote hii ananiambia anapenda kulala kule kwa sababu ya dirisha. Mwongo mkubwa. Nimekasirika mpaka nikalia.

Salma, binti yetu, alishatuonya. Baba akianza tena kifua, gari linauzwa na sisi tunakaa dukani kwetu Katesh. Nikae dukani nikitazama ukuta wa jirani mpaka nife? Antena inatoka.

Jumatano, 5 Novemba. Katesh.
Amekataa. Eti siku moja itashika. Nikamwambia achague, antena au safari zetu. Akafikiri kwa muda mrefu kuliko nilivyopenda.

Mwisho amepanda na msumeno wa chuma, akakata bomba linaloibeba tu. Kitako kimebaki, "ili tukitaka tuirudishe." Nimechoka kubishana. Nimempikia makande.

Alhamisi, 6 Novemba. Katesh.
Ovyo kabisa. Mvua kubwa, na bomba lile lililokatwa liko wazi juu. Maji yameshuka nalo moja kwa moja hadi kwenye mto wake. Bora hata tungeiacha nzima.

Salma amekuja asubuhi na supu. Akasikia kikohozi, akaona godoro kwenye ua. Hakugomba. Angegomba ningejua pa kushika. Amesema tu kwamba mtu wa kulinunua gari yupo. Nimemwomba atuache twende mnada wa Dirma kwanza. Baba yake akirudi anakohoa, mimi mwenyewe nitampa funguo. Naogopa nilichoahidi.

Ijumaa, 7 Novemba. Katesh.
Baada ya swala amekuja Petro, fundi wa kuchomea. Nati zimeshikana kwa kutu, zimekula mafuta na nyundo mpaka jasho likamtoka. Kitako kimeng'oka na kuacha tundu la kupitisha ngumi. Akakata kiraka cha bati, akakipiga riveti, akazungushia silikoni. Yeye na mume wangu wakamwaga maji juu ndoo kwa ndoo, mimi nimelala chali ndani, nimekodoa macho.

Hakuna hata tone. Nimecheka peke yangu kama mwehu.

Mume wangu ameipangusa antena vizuri, akaiegemeza nyuma ya duka. Nimemwonea huruma kidogo. Kidogo tu.

Jumamosi, 8 Novemba. Dirma.
Sielewi. Mnada umejaa, kwetu hakuna mtu. Wafugaji ndio wateja wetu wakubwa. Leo wanalitazama gari, wanapita. Saa nne bado sijafungua hata mkanda wa mali. Nikawaza: tukikosa wateja, Salma hatahitaji hata kikohozi ili aliuze gari.

Akapita Bibi Udaghata, mfugaji wa Kibarabaigi, mteja wetu wa miaka. Akapita tena. Nikamkimbilia.

"Shikamoo, bibi. Mbona unatupita?"

"Marahaba. Kumbe ni wewe? Mimi natafuta gari ya pembe. Hii haina pembe, nikasema ni ya mgeni."

Pembe, yaani antena yetu! Kwao ng'ombe anajulikana kwa pembe zake, tangu akiwa mbali. Kumbe nasi tunajulikana hivyohivyo uwandani kote, na hakuna aliyewahi kutuambia. Kwa nini atuambie? Nani humweleza mwenye ng'ombe kwamba ng'ombe wake ana pembe?

Bibi akalizunguka gari, amekunja uso. "Mmemkata kwa nini?"

Mume wangu akajibu, "Alikuwa ananikojolea usiku."

Bibi alicheka mpaka akashika tairi. Kisha akaenda kuwaambia wenzake. Adhuhuri haijafika, wamekuja wote kumtazama mgonjwa, kutupa pole, kutucheka. Na wakishacheka wananunua. Sauti imenikauka. Nimefurahi sana.

Jumapili, 9 Novemba. Dirma.
Mvua tangu alfajiri. Jana nililazimisha, nikalala mimi upande wa dirisha. Pakavu. Yeye amelala kama mtoto, hakukohoa.

Nimechemsha chai ya tangawizi. Salma akapiga simu kabla hatujanywa. Nimempa baba yake simu ili amsikie mwenyewe kifua. Wameongea habari za wajukuu. Kisha akamuuliza tunarudi lini.

"Mablanketi yakiisha," akamwambia.

Nimeangalia rafuni. Yamebaki mengi.